Hekalu ambalo upanga peke yake hautoshi

Wadau, kuna anayedhani The Temple of Elemental Evil ni gemu ya kompyuta tu. Hapana bwana! Ya kompyuta ilitoka 2003. Yenyewe hasa ni kitabu cha Dungeons & Dragons, kurasa 128, cha Gary Gygax na Frank Mentzer, kilichotoka Marekani mwaka 1985. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia na kushika ramani, wengine kila mtu na mhusika wake, dadu zinaamua.

Kisa kinaanzia kijiji cha Hommlet. Sehemu hiyo ilitoka 1979, mashabiki wakasubiri miaka sita kulipata hekalu lenyewe. Chini yake kuna ghorofa nne za mahandaki, vyumba kibao, na shetani wa kike, Zuggtmoy, amefungiwa humo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapochemsha, mimi nikiwemo. Nilikisoma kama orodha ya maadui wa kupiga, nikaona kinachosha. Kumbe ni siasa tupu! Waabudu wa udongo, hewa, moto na maji hawapatani hata kidogo. Mhusika wako anaanza dhaifu kabisa, na akifa hakuna kubonyeza kitufe ukarudi nyuma. Ukiingia kibabe unazikwa mapema. Mjanja anajifanya mfuasi wa kundi moja, anawachonganisha, wanamalizana wenyewe. Mambo yakiharibika anatimua mbio, wala si aibu.

Kwa hiyo wewe msimulizi, kabla hamjarusha dadu, andika kwanza kwenye karatasi nani anamchukia nani. Ramani baadaye.