Saruji Isiwe Adui wa Mjenzi
Saruji ndiyo inayoinua nyumba za Bombambili, Songea, kama inavyoinua zile za Unguja na Pemba. Lakini unga huo ukikutana na maji, au na jasho, huwa mkali kupita magadi. Tena hauumi papo hapo: fundi hushtukia jioni ngozi imekwisha babuka. Hatuna budi kukumbushana kuvaa mipira ya mikono, mabuti, miwani na barakoa, na kujiosha upesi kwa maji mengi. Sheria za usalama na afya kazini, ya Bara ya mwaka 2003 na ya Zanzibar ya mwaka 2005, zimemtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Wakaguzi nao wawafikie vibarua kabla ya majeraha.