Washenga na wasimamizi wa ubatizo wasiachwe nje ya kumbukumbu za ukoo

Wengi wanaohifadhi historia ya ukoo kwa kompyuta huishia kwa baba, mama na watoto. Mshenga, shahidi wa ndoa na msimamizi wa ubatizo huachwa nje. Hata hivyo, mzozo wa shamba la marehemu unapozuka Nyamira na mjane akatakiwa kuthibitisha kuwa aliolewa, ushahidi wa watu hao ndio unaohitajika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kiasi kidogo tu cha mahari chatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Lakini ni nani aliyeona ng'ombe wakitolewa? Ni esigani, yaani mshenga wa Abagusii, pamoja na wazee waliokuwapo.

Kwa Wakatoliki, waliofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, kitabu cha ubatizo huwa na majina ya wasimamizi, na cha ndoa majina ya mashahidi. Waadventista, ambao ni wengi Nyamira, hawana wasimamizi wa ubatizo, asitafutwe asiyekuwapo.

Gramps, programu isiyolipiwa, humruhusu mtumiaji kumwunganisha shahidi na tukio lenyewe na kutaja wajibu wake. Matatizo huanza faili inapohamishwa. Muundo wa GEDCOM 5.5.1 humwunganisha shahidi na mtu, si na harusi. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 lilirekebisha kasoro hiyo. Kwa anayetumia programu za zamani, ni heri aandike pia katika maelezo ya harusi jina la mshenga, kijiji chake na idadi ya ng'ombe aliowashuhudia.