Goti Liumalo, Nyonga Yenye Ugonjwa

Tuseme mwanafunzi wa miaka 13 wa Kintinku, penye stesheni ya Reli ya Kati baina ya Dodoma na Manyoni, amechechemea wiki tatu. Goti lamwuma, wala halikuvimba. Nyumbani ameambiwa kwamba anakua tu. Daktari alitazama goti, kisha akamlaza chali na kuuzungusha mguu penye nyonga. Mzazi akadhani kwamba hakusikilizwa.

La hasha. Baadhi ya mishipa ya fahamu iletayo habari za nyonga ndiyo pia iletayo habari za goti, na ubongo huweza kukosea mahali maumivu yatokapo. Mara nyingi goti lenyewe ndilo lenye ila. Lakini kwa kijana, kichwa cha mfupa wa paja hushikamana na shina lake kwa bamba la gegedu lisilokomaa. Bamba likishindwa, kichwa huteleza, polepole au kwa ghafla. Paja basi halizunguki vema kuelekea ndani, na unyayo hutazama nje.

Hapo yatakiwa picha ya eksirei ya nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa ubavu. (Picha ya goti peke yake itaonyesha goti zima na kumpotosha kila mtu!) Mgonjwa haruhusiwi kuukanyagia mguu, sembuse kukimbizwa uwanjani, hospitalini kichwa hukazwa kwa skrubu. Kukawia kuna hatari, kwani kichwa hicho hulishwa na mishipa michache ya damu, nayo ikikatika mfupa hufa.