Je, Wajua? Michezo ya ukumbini, paa ni mawingu

Je, wajua kwamba vikapu, wavu na mpira wa mikono, michezo inayogombanisha mabweni na madarasa kila jioni kuanzia Oyugis hadi Kuria, kwa sheria za kimataifa ni ya ndani ya ukumbi? Mashindano ya ndani ya shule huku Migori na Homa Bay huchezwa kwenye murramu, nyasi au saruji, na jua likiwa utosini. Ukumbi wa kutajika uko mbali, Kasarani, katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987.

Kilichoiingiza ndani ni baridi. James Naismith alitundika vikapu vya kubebea matunda huko Springfield, Marekani, Desemba 1891, vijana wapate zoezi wakati wa theluji. Sheria zake za kwanza zilikuwa 13. Mwaka 1895, William G. Morgan akabuni wavu katika mji wa Holyoke, jirani na hapo. Mpira wa mikono nao ulichezwa nje kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, watu 11 kila upande. Uliporudi Munich 1972, walikuwa 7 na wameshaingia chini ya paa. Kwa hivyo bweni linalocheza mpira wa mikono juani halijavunja mila yoyote.

Mvua ya ziwani ikishuka saa kumi na moja, msikimbilie bwalo la chakula kabla ya kupima. Wavu unataka mita 7 tupu kutoka sakafuni kwenda juu. Mpira ukigusa dari, umetoka, hata ukirudi ndani ya mistari. Tawi la mwembe lililoinamia uwanja? Hukumu ni ile ile.

Neti ya wavu ni mita 2.43 kwa wavulana wakubwa na 2.24 kwa wasichana. Hupimwa katikati. Ncha mbili lazima zilingane, na zisiizidi katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Neti iliyolegea kama kamba ya nguo humpendelea mfupi, na kila bweni linajua hivyo.

Je, wajua kwamba kuokoa mpira wa wavu kwa mguu ni halali? Refa wa darasa anayepuliza kipenga hapo anawanyima watu pointi yao. Sevu ikigusa neti kisha ikavuka, mchezo unaendelea. Na anayezuia kwenye neti anaweza kuugusa mpira tena mara moja, kwa sababu ule mguso wa kuzuia hauhesabiwi miongoni mwa mitatu ya timu.

Kazi inayoleta kelele nyingi kuliko mechi yenyewe ni kuchora eneo la kipa kwenye mpira wa mikono. Wengi huchora nusu duara moja na kusema yatosha. Haitoshi. Lango lina upana wa mita 3. Chukua kamba ya mita 6, ifunge chini ya mlingoti mmoja, upande wa ndani, kisha zungusha robo duara huku mwenzako akifuata nyuma na chokaa au jivu. Rudia kwenye mlingoti wa pili. Robo hizo mbili ziunganishe kwa mstari mnyoofu wa mita 3, sambamba na lango. Ongeza mita 3 za kamba, pita tena, lakini mstari huu wa pili uwe wa vipande vipande: huo ndio wa mita 9. Penalti ipigiwe kwenye mita 7. Mvua ikipita, mnaanza upya.

Mshambuliaji anaruhusiwa kuruka juu ya eneo hilo, mradi mpira umtoke mkononi kabla hajatua. Hatua ni 3, sekunde ni 3. Timu inayochelewesha ikionyeshwa mkono wa onyo ina pasi 4 tu za kumalizia. Kabla ya Julai 2022 zilikuwa 6. Wenye miaka 12 hadi 16 hucheza dakika 25 kila kipindi, si 30, jambo ambalo walimu wa michezo husahau kwa hiari.

Vikapu sasa, na hapa shule ya Agoro Sare ya Oyugis ina la kusema kuliko mimi. Timu ina sekunde 24 za kurusha. Ikinyakua tena mpira wake uliogonga ringi ya wapinzani, hupewa 14. Pasipo saa ya umeme, wekeni mezani mtu mwenye sauti ya kuhesabu. Mechi za madarasa zikiwa nyingi na jioni ni fupi, chezeni watatu kwa watatu: dakika 10, au wa kwanza kufika 21.

Mchezaji akitumbukiza mpira kwenye kikapu chake mwenyewe kwa makusudi, ni kosa na pointi hakuna. Akitumbukiza kwa bahati mbaya, wapinzani wanapata 2, na karatasi ya mezani huziandika kwa jina la kepteni wao aliye uwanjani, hata kama wakati huo alikuwa upande wa pili akifunga kamba za viatu.