Taa Haiwaki: Jinsi ya Kutafuta Kosa

Siku hizi wanafunzi wengi wapendao sayansi hujifunza kuunda vyombo viendeshwavyo na maikrokontrola, yaani chipu moja ndogo iliyo na kompyuta nzima ndani yake. Kazi ya kwanza ya karibu kila mtu ni kuifanya taa ndogo ya LED iwake sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Ni kazi ndogo, lakini mara nyingi mwanafunzi akiisha kuunga nyaya zote na kutia umeme, taa haiwaki.

Hapo ndipo ajulikanapo fundi na asiye fundi. Asiye fundi huchomoa waya huu, akabadili ule, akageuza taa, akatia programu nyingine, yote kwa pamoja. Mwisho husema, "Chipu imekufa," akaitupa. Hasara yake ni mbili. Ameitupa chipu nzima, ambayo mwenziwe angeweza kuitumia. Tena ameondoka akidhani kuwa kazi hii si ya watu kama yeye. Wala si kweli. Makosa ya kazi hii ni machache, na mwenye kuyatafuta kwa utaratibu atayaona.

Tuchukue mfano wa chipu iitwayo ATmega328P, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika vibao vingi vya Arduino Uno ambavyo wengi wenu mmeviona. Ina miguu 28. Iweke mbele yako, kikato chake kikielekea juu: mguu wa 1 ni ule wa juu kabisa upande wa kushoto. Hesabu kwa kushuka mpaka 14, kisha vuka upande wa kulia ukahesabu kwa kupanda mpaka 28.

Chipu hii tunaichomeka katika bredibodi. Jina hilo limetoka kwa ubao wa kukatia mkate, maana zamani wapenda redio walivipigilia vyombo vyao juu ya mbao za namna hiyo. Bredibodi ya siku hizi ni ya plastiki, nayo ina matundu yaliyoachana milimita 2.54. Ndani yake mna vipande vya chuma: kila matundu matano ya safu fupi yameunganika, na mfereji wa katikati hutenga upande mmoja na wa pili. Chipu sharti iupande mfereji huo, nusu ya miguu huku na nusu huku. Safu ndefu za kando ni za umeme wa chanya na hasi. Lakini jihadhari! Katika bredibodi nyingine safu hizo zimekatika katikati, hata nusu moja ikawa na umeme na nusu ya pili haina.

Sasa, daktari mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Nasi tufuate desturi hiyo: tuanze na umeme, halafu tufuate njia yake hatua kwa hatua, na kila mara tubadili kitu kimoja tu. Ukibadili vitatu na taa ikawaka, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kwanza, ondoa umeme, utazame kwa macho. Je, kikato cha chipu kiko mahali pake? Hakuna mguu uliokunjika chini ya tumbo la chipu? Mguu mrefu wa taa uko upande wa chanya? Je, taa ina rezista yake? Rezista ya omu 330 ina rangi ya machungwa, machungwa, kisha kahawia. Umeme wa volti 5 ukipita katika rezista hiyo na taa nyekundu itumiayo volti 2 hivi, mkondo huwa kama miliampea 9, nao watosha kabisa. Bila ya rezista, taa huweza kuungua na mguu wa chipu ukaharibika.

Pili, rudisha umeme, uiguse chipu kidogo kwa kidole. Ikiwa ya moto, kata umeme mara moja, maana ama imechomekwa kinyume, ama iko shoti mahali fulani. Ikiwa baridi, chukua mita ya kupimia umeme. Weka ncha moja juu ya mguu wa 7 wenyewe, na ya pili juu ya mguu wa 8. Usipime tundu lililo kando. Pima mguu, kwa sababu tundu laweza kuwa na umeme na mguu usiugusane nalo. Yapasa uone karibu volti 5. Kisha pima vivyo hivyo mguu wa 20 na wa 22. Wanaoanza husahau miguu hii miwili, wakidhani kuwa jozi moja yatosha. Ikiwa umeme watoka kwenye chombo kingine, hasi zote mbili sharti ziunganishwe, la sivyo mkondo hauna njia ya kurudia. Tena tia kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya 7 na 8, karibu na chipu, ili umeme usiyumbe.

Tatu, pima mguu wa 1. Huu ndio mguu wa kuianzisha chipu upya. Ukigusana na hasi, chipu husimama kimya kama mtu aliyeshikwa mdomo. Uunge na chanya kwa rezista ya omu 10,000, ambayo rangi zake ni kahawia, nyeusi na machungwa, kisha uhakikishe kuwa mita yaonyesha karibu volti 5.

Nne, itenge taa na chipu. Chomoa kwenye chipu waya uendao kwenye taa, uupeleke kwenye safu ya chanya, rezista ikiwa bado ipo. Taa ikiwaka, basi taa ni nzima na kosa liko upande wa chipu. Isipowaka, usiisumbue chipu, kosa liko kwenye taa au nyaya zake. Jaribio hili la nusu dakika limeigawa kazi yako nusu kwa nusu.

Tano, angalia hesabu ya miguu. Programu ya Arduino ikisema 13, haisemi mguu wa 13 wa chipu, bali wa 19! Mguu wa 13 wa chipu, programu huuita 7. Kosa hili limewapotezea wengi jioni nzima.

Mwisho, fikiri habari ya mwendo. Chipu mpya itokayo kiwandani hufanya kazi kwa mapigo milioni 1 kwa sekunde. Programu iliyoandikwa kwa mapigo milioni 16 ikitiwa humo, kila sekunde moja hugeuka kuwa sekunde 16. Mtu huitazama taa sekunde tano, akasema imekufa, kumbe yenda pole pole tu! Kinyume chake, chipu iliyokwisha kuamriwa itumie kristali ya nje haifanyi kazi bila ya kristali hiyo, nayo hukaa katika miguu ya 9 na 10, kila mguu ukiwa na kapasita ya pikofaradi 22 iendayo kwenye hasi.

Ukiisha kuyapima haya yote, ndipo uwezapo kutia chipu nyingine mahali pa ile ya kwanza. Usifanye hivyo mapema, maana kilichoiua ya kwanza chaweza kuiua na ya pili.

Uwe na daftari, uandike kila ulichopima na ulichokiona. Nanyi mliokwisha kuondoka shuleni, ikiwa mna mita isiyotumika nyumbani, jueni kwamba mita moja yaweza kuokoa chipu nyingi za vijana. Mwenda pole hajikwai; na apimaye kabla ya kusema hatupi kilicho kizima.