Kabla ya kung'oa jino, daktari akuulize ulikulia wapi

Ukiwa na meno ya kahawia hapa Nairobi, unajua vile watu hukuangalia. Wanadhani hupigi mswaki. Hata kwa daktari wa meno, huenda swali la kwanza likawa hilo hilo: unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?

Lakini kama ulikulia Nakuru, Gilgil au Naivasha, huenda mswaki hauna makosa. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupitia miamba ya volkano na huwa na madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji, na kuna visima vingi huko vilivyopita hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya ufizi, yataota yakiwa na madoa. Sugua utakavyo, rangi haitoki. Na si kwamba mzazi alipenda maji hayo. Ya mvua yanahitaji tangi, na tangi ni pesa.

Ndiyo maana wanaosomea udaktari wa meno wanafaa kufundishwa maisha ya mgonjwa kwa uzito ule ule wanaofundishwa kushika koleo.

Chukua soja wa usiku. Anakunywa soda na chai ya sukari tele ili asisinzie, na jino linaoza. Daktari mchanga anamwambia mzizi utibiwe ili jino liokolewe. Kitabuni, ushauri safi kabisa. Lakini tiba hiyo mara nyingi ni kurudi zaidi ya mara moja, na kila safari ni nauli pamoja na usingizi wa mchana alioukosa. Kung'oa ni siku moja, tena bei nafuu. Soja atasema "ng'oa tu," naye daktari ataandika kwamba mgonjwa amekataa matibabu. Amekataa kweli?

Marekani, baadhi ya vyuo hutumia mchezo wa kuigiza umaskini. Unapewa familia, pesa kidogo na "wiki" ya dakika 15 ya kulipa kodi, kutafuta chakula na kuhangaikia mgonjwa. Si mbaya, ila mchezo ukiisha mnaenda kula chamcha. Hapa kwetu wanafunzi wengi wanaujua mwisho wa mwezi bila kuigiza. Shida ni kwamba kliniki huwafunza kuusahau. Kama alama zote za mtihani ni za jinsi ulivyoziba jino, nani atapoteza dakika akiuliza habari za nauli? Maswali hayo nayo yapewe alama, utaona yatakavyoulizwa.

Na wewe ukiketi kwenye kile kiti, usingoje kuulizwa. Sema ulikulia wapi, unafanya kazi saa ngapi na mfukoni una ngapi leo. Sema kabla hujadungwa sindano ya ganzi, maana baada ya hapo hata jina lako litakushinda kutamka.