Begi Lisilo na Mwenyewe

Tuchukulie kwamba begi limekutwa katika buti la basi la abiria, ndani yake mna heroini, na hapana hata mmoja aliyemwona mtu akilipakia. Lakini kibandiko chake kina namba ile ile iliyo katika tiketi ya kijana mmoja, ambaye alipowaona askari aliinuka kitini akatoka mbio. Shahidi wa macho hapana, wala ungamo. Ziko dalili tu, na dalili hizo zaweza kumfunga mtu maisha.

Ushahidi huo wa dalili, uitwao wa kimazingira, si dhaifu kwa asili yake, maana dalili ya mvua ni mawingu; lakini kwa kuwa si kila wingu hunyesha, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1949, katika shauri la mauaji la Kenya, kwamba dalili hizo sharti zisipatane kabisa na usafi wa mshitakiwa, wala zisielezeke kwa njia nyingine ya busara ila hatia yake; na mwaka 1958, katika shauri la Uganda, ikamtaka hakimu ayakinishe pia kwamba hapana jambo jingine linaloidhoofisha au kuibatilisha dhana ya hatia.

Kwa hiyo kijana huyo akitiwa hatiani, kisha akikata rufani nchini Tanzania, haombi huruma. Anaomba mizani ishikwe upya, kwa kuwa mahakama ya rufani ya kwanza ina wajibu wa kuupima tena ushahidi wote. Je, utingo aliyebandika ile namba aliitwa kutoa shahada? Buti lilifunguliwa katika vituo vingapi? Lakiri ilipigwa mbele ya nani, na kutoka kituo cha polisi hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kielelezo kilipita katika mikono ya nani, kwa maandishi gani? Uzito nao uhojiwe, kwani gramu zaweza kuamua kati ya miaka 30 na kifungo cha maisha. Hata kule kukimbia si yakini, maana mwoga hukimbia kama mkosaji.

Lakini haki hii ya rufani ina muda wake: aliyehukumiwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutoa kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10 na hati ya rufani ndani ya siku 45, na aliye kifungoni huipitisha kwa mkuu wa gereza.

Nasema haya nikiujua msiba wa heroini, jinsi ulivyowakausha vijana wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na mama zao wakawazika wangali hai. Msiba huo ndio unaonifanya nitake hukumu zilizo thabiti. Kwa sababu siku tunapomfunga asiye na begi, mwenye begi yu stendi, anakata tiketi nyingine.